Windows ya kwenye flashi: imetoka wapi?

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Ordinateri mingi za zamani hazikubali Windows 11 kwa njia rasmi. Basi kuna mafundi wanaoiingiza kwa flashi yenye nakala iliyovunjwa, na kwanza wanazima antivirusi. Hapo, orodha ya wagonjwa ao hesabu ya koperative inabaki mlango wazi.

Kubaki bila dawa mpya pia ni hatari. Mwezi wa tano 2017, kirusi WannaCry kilifunga ordinateri za hospitali Uingereza. Dawa yake ilikuwa imetoka tangu mwezi wa tatu.

Ni kweli, mega ni za bei. Lakini Linux kama Ubuntu ni ya bure, na leseni yake inaruhusu kuinakili. Mtu mmoja aipakue kwenye tovuti yake rasmi, kisha flashi hiyo moja itumikie ofisi kumi. Inajaribiwa kwenye flashi kwanza, bila kufuta kitu. Programu fulani za Windows hazitaingia humo. Hakikisha mapema, na uweke nakala ya kazi zako pembeni.

Ukienda kwa fundi, muulize kabla ya bei: hii umeitoa wapi?