Mwonjaji kahawa si mpima mizani

Viongozi wengi wa ushirika wa kahawa wanajua kumsimamia mpima mizani. Kilo zinaonekana, daftari linakaguliwa, na akipunja anakamatwa siku hiyo hiyo. Kazi huwa ngumu chama kinapoajiri kijana aliyesomea kuonja kahawa. Mtaji wake uko kwenye ulimi, pua na kumbukumbu, na jioni anaondoka nao kwenda nyumbani.

Mwaka 1959 mtaalamu wa uongozi, Peter Drucker, aliwaita watu wa namna hii wafanyakazi wa maarifa. Mkulima wa Tanzania alianza kuwahitaji sana soko huria lilipoingia kwenye kahawa msimu wa 1994/95. Kwa kipimo walichozoea wanunuzi, sampuli hupewa alama kati ya 100, na inayofikisha 80 ndiyo huhesabiwa kuwa kahawa maalumu. Chama kisichojua alama ya mzigo wake kinafika mnadani kikiwa kipofu: bei anaitaja mnunuzi, na sababu anaitaja yeye.

Pamoja na hayo, mara nyingi mwonjaji hupewa meza pembeni ya ghala, mshahara wa karani na daftari la kusaini asubuhi. Akisema kahawa fulani imechacha kwa sababu ililala mno kwenye matangi, mwenyekiti anakunja uso, eti anaharibia chama jina. Mara ya tatu hatasema. Mara ya nne atakuwa kwa mnunuzi binafsi, akitumia ujuzi ule ule kukibania bei chama kilichomsomesha.

Mshahara duni hautetewi. Lakini chama kidogo hakitamshinda msafirishaji wa kahawa kwa fedha tupu. Kinachoweza ni kumtoa mwonjaji ghalani. Aende vijijini msimu wa mavuno, awavutishe wakulima kahawa yao wenyewe kwa kijiko (wengi hawajawahi kuionja), awaonyeshe buni mbovu chache zinavyoharibu kikombe kizima. Msimu unaofuata alama zipimwe tena, na bei ikipanda kwa sababu hiyo, sehemu ya nyongeza iwe yake. Huyo ana sababu ya kubaki.

Makisio ya chama hupitishwa na mkutano mkuu. Kabla ya kunyoosha mikono, wanachama waulize ripoti ya mwonjaji iko wapi, na nani ameisoma.