AFYA YA JAMAA: Mkono Usiotaka Kuachia

Tuseme mama mmoja wa Bwera ameteka maji na kuleta jerikani nyumbani. Anaitua chini, lakini vidole havifunguki. Yampasa angoje, kisha avikunjue kimoja kimoja. Baba yake alipatwa na mtoto wa jicho kabla ya uzee, wakasema ni moshi wa jikoni. Sasa mama huyo amejifungua mtoto mlegevu asiyeweza kunyonya. Jamaa wanatafuta mchawi, na wakwe wanamtazama yeye.

Mambo hayo matatu yaweza kuwa ugonjwa mmoja, uitwao distrofia ya mayotonia.

Wakazi wa pande za Rwenzori si wageni wa maradhi ya kurithi. Mwaka 1949 mabingwa Lehmann na Raper walieleza kwamba miongoni mwa Waamba wa Bwamba, ng'ambo ya milima, watu 45 hivi katika kila 100 walikuwa na urithi wa selimundu. Lakini ili mtoto augue selimundu sharti airithi kwa wazazi wote wawili, na kosa lake ni herufi moja tu iliyobadilika katika maandishi ya urithi. Mayotonia hutosheka na mzazi mmoja, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kosa lake ni la kukariri, mithili ya karani wa kambi aliyeandika jina moja la askari ukurasa mzima. Katika kromosomu ya 19, herufi C, T na G hurudiwa kwa mtu mwenye afya mara 5 hadi 34. Kwa mgonjwa huanzia 50 na huweza kupita 1,000. Hayo yaligunduliwa mwaka 1992.

Baya zaidi, hesabu hiyo huelekea kukua toka mzazi hadi mtoto. Ndiyo maana babu aliugua macho, binti vidole, na mjukuu mwili mzima. Hali kali ya utotoni hupitia kwa mama karibu daima, wala si kosa lake, kama vile urefu wa kimo si kosa la mtu.

Katika Afrika yetu ugonjwa huu ni adimu, na dawa ya kuuponya haijapatikana. Huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na dawa ya usingizi huwa hatari kwa mgonjwa. Basi mwenye vidole vya namna hii amweleze daktari kabla ya kupasuliwa.

Madaktari wanao uchunguzi usiogharimu hata senti. Waonapo mtoto mlegevu, humpa mama mkono wa salamu, kisha hutazama kama ataweza kuuachia.