Afya ya Mkulima: Si Mvivu, Anaumwa



Mwezi huu tuzungumze juu ya ubongo. Ubongo ndio unaoongoza mwili. Mkono ukishika jembe, ubongo ndio ulioutuma. Ubongo ndio unaotufanya tucheke, tulie na tukumbuke. Kwa hiyo ubongo ukiumia, furaha pia inaweza kupotea.

Ubongo huumiaje? Mtu anaweza kuanguka kutoka mtini au kugongwa na pikipiki. Lakini ubongo unaweza kuumia hata bila kupigwa. Ugonjwa wa kiharusi huuumiza kutoka ndani.

Wakulima wa Hai, Kilimanjaro, wanaijua kazi ya mifereji. Mfereji ukijaa tope, maji hayafiki shambani na migomba hunyauka. Mishipa ya damu ni kama mifereji. Mafuta yanayoitwa kolesteroli yakizidi katika damu, huganda ndani ya mishipa. Mshipa wa ubongo ukiziba, sehemu ya ubongo hukosa damu na kufa. Hiyo ni namna moja ya kiharusi. Namna nyingine ni mshipa kupasuka, hasa kwa mtu mwenye shinikizo kubwa la damu.

Huu si ugonjwa wa mjini tu. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai na jijini Dar es Salaam. Dar es Salaam walikuwa wengi zaidi, lakini Hai pia walikuwapo.

Baada ya kiharusi, karibu mtu 1 kati ya 3 hupata ugonjwa wa huzuni. Madaktari huuita sonona. Walioumia kichwa kwa ajali nao huupata. Mgonjwa hana hamu ya chakula. Halali vizuri. Hataki kuongea na watu. Anasema yeye ni mzigo. Majirani husema ni mvivu, au amerogwa. Hapana. Anaumwa.

Ukimwona mgonjwa wako yuko hivyo kwa wiki 2 au zaidi, fanya haya:

1. Mpeleke kituo cha afya. Sonona ina dawa na ina ushauri.

2. Asiache dawa za shinikizo la damu au za kolesteroli bila kuambiwa na mganga wa kituo.

3. Usimwache peke yake siku nzima. Mpe kazi anayoiweza, kama kuchambua maharage au kulisha kuku. Mwombe shauri juu ya shamba.

4. Fungia sumu za shambani kwa kufuli. Mtu mwenye huzuni kubwa anaweza kujidhuru. Akisema afadhali afe, usimcheke wala usimgombeze. Kaa naye, na umpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo.

Sisi wengine tujikinge. Tupunguze mafuta ya nyama, samli na chumvi. Tule maharage, mboga za majani na matunda. Parachichi lina mafuta, lakini mafuta yake ni mazuri. Tuache sigara. Tupimwe shinikizo la damu hata kama hatuumwi, maana mara nyingi halina dalili.

Ndugu wakulima, jembe likivunjika mpini hatulitupi. Tunalitia mpini mwingine. Tusimtupe ndugu yetu aliyeumia ubongo.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.