Neno Msaliti na Mchezaji wa Akiba

Mkwaja ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Pangani, na kama ilivyo pwani yote ya Tanga, mapenzi yake ya mpira hayakai nyumbani. Coastal Union, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, huheshimiwa kama babu aheshimiwavyo. Lakini mapenzi yale ya kununiana na kutosemezana siku mbili yamegawanywa baina ya Simba na Yanga, klabu za Dar es Salaam. Katika mapenzi hayo limezoeleka tusi moja lisilostahili kuachwa lipite bila ya kupingwa. Nalo ni neno msaliti, kama lilivyobandikwa juu ya Bernard Morrison wa Ghana.

Habari zake zajulikana. Aliingia Yanga Januari 2020, na tarehe 8 Machi mwaka ule mpira wake wa adhabu ukawa bao pekee lililoifunga Simba. Tarehe 12 Julai, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho ambamo Simba iliilipa Yanga mabao 4 kwa 1, alitolewa mchezoni, akashika njia akaondoka zake wenziwe wangali wakicheza. Agosti akawa mtu wa Simba. Yanga ikadai kwamba mkataba wake haujaisha. Shauri likafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi, na Novemba 2021 Yanga ikashindwa. Mwaka 2022 Simba ikaachana naye, na wale wale waliomwita msaliti wakampokea kwa vigelegele. Tarehe 10 Mei 2023 alifunga bao la pili dhidi ya Marumo Gallants ya Afrika Kusini, dakika 90 zikiwa zimekwisha timia. Baada ya msimu ule akaondoka tena.

Usaliti ni upi hapo? Mvuvi aendaye dago huuacha mji wake miezi kwa kuwafuata samaki waliko, wala haitwi msaliti na mtu ye yote. Mkewe hulalamika, na akirudi huulizwa ameleta nini. Mkataba wa mchezaji ni dago lenye tarehe.

Kosa analo, tena kubwa, ila silo litajwalo. Kuondoka klabuni ni haki. Kuondoka uwanjani wenzio wakizama ni aibu. Baharia halaumiwi kwa kubadili chombo bandarini, hulaumiwa kwa kukikimbia chombo mkondoni. Washabiki wameyachanganya mambo hayo mawili, na ushahidi kwamba wameyachanganya kwa kusudi ni huu: watu wa Simba waliicheka aibu ya Julai, kisha wakamvika jezi yao mwezi wa pili yake; na watu wa Yanga waliotendewa aibu ile waliisahau mara alipowarudia. Basi haikuwa aibu iliyowakasirisha hata siku moja. Kilichowakasirisha ni kwamba mabao yake yamehamia kwa jirani, na hasira ya namna hiyo ina jina lake la zamani, nalo ni husuda.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakumjua winga ainukaye benchini dakika ya 70. Atazamaye katika kibanda umiza humwona akinyosha miguu, moyo ukafurahi na tumbo likasokota kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakuna ajuaye kama litakuja bao au kadi. Hisia hizo mbili ni za kweli, na mshabiki anayeziungama zote, hata siku ya kuagana, ni mtu mwaminifu. Neno msaliti humwondolea uaminifu huo. Humpa ruhusa ya kuyakana matumaini aliyokuwa nayo.

Tena neno hilo halitabaki kwa wageni. Vijana wachezao mchangani pwani hii hulisikia, na mwenye kipawa kati yao hana budi siku moja kuihama klabu iliyomlea. Mwaka ule ule wa 2020 beki Bakari Mwamnyeto aliiacha Coastal Union akaenda Yanga. Hao hao waliokuwa wakimlaani Mghana kwa kuhama walimshangilia yeye kwa kuhama, na baadaye akawa nahodha wao. Coastal Union ikabaki kutafuta beki mwingine.