FAIBA YETU, KUFULI LAO: HADI LINI?

Vijana wa mjini, leo tuambiane ukweli bila kumung'unya maneno. Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, tukashangilia. Faiba ikaingia maofisini na mitaani. Lakini mlango wa kwenye swichi una kufuli, na ufunguo kaukalia tajiri!

Kile kidude cha ukubwa wa kidole kinachochomekwa kwenye swichi, mafundi hukiita SFP. Kazi yake ni kugeuza umeme kuwa mwanga, na mwanga kuwa umeme. Basi. Hakina uganga. Mwaka 2000 watengenezaji wenyewe walikubaliana umbo lake, ili cha huyu kiingie kwa yule.

Kumbe baadhi yao walibakiza ujanja! Ndani ya kidude mna kijichipu chenye jina la kampuni. Swichi hulisoma, ikikuta la "mgeni", inafunga mlango. Ushahidi? Swichi nyingi za Cisco zina amri iitwayo service unsupported-transceiver. Ukiiandika, kidude kilichokataliwa mara nyingi huwaka na kupiga kazi. Kama kilikuwa kibovu, kimeponaje kwa mstari mmoja wa maandishi? Hilo ndilo changa la macho!

Halafu yupo kigogo wa tenda anayeandika jina la kampuni moja kwenye zabuni, kana kwamba wengine hawakuzaliwa. Kijana wa Kariakoo mwenye kidude cha kiwango kilekile kwa bei nafuu anaishia getini. Anayelipa tofauti ni nani? Mlalahoi, mlipa kodi!

Lakini nasi tusijidanganye. Ujinga ni adui, na muuzaji hutajirika kwa ujinga wa mnunuzi. Kabla ya kutoa hela, uliza mambo matano.

Kasi: kidude cha gigabiti 1 na cha gigabiti 10 vinafanana umbo, kasi mbalimbali. Faiba: singomodi, mara nyingi ya njano, kiini chake ni mikroni 9 hivi, maltimodi ni 50 au 62.5. Mwanga: SR ni nanomita 850 kwa maltimodi, LR ni 1310 kwa singomodi, na pande zote mbili lazima zielewane. Umbali: kwa gigabiti 10, SR hufika mita 300 kwenye faiba ya OM3, LR kilomita 10. Ukichomeka cha kilomita 80 kwenye waya wa mita 50 bila kipunguza mwanga, unaweza kuunguza jicho la upande wa pili. Kichwa: LC hakiingii kwenye SC, wala usiunge cha kijani na cha bluu.

Hayo ndiyo masharti ya kweli. Jina halimo!

Tunachodai ni kidogo. Zabuni za umma ziandike kiwango, ziache nembo. Mwenye kufuli alitangaze kabla ya kuuza. Na wakisema wanalinda ubora, wapime mwanga, wasipime jina.

Kijana, siku nyingine ukiambiwa "hiki hakikubaliki", usinywee. Mtazame usoni umuulize: ni mwanga uliokataa, au ni jina?