Msomaji Anapomnunia Mwandishi Wake

Ni desturi ya msomaji wa riwaya kujiona kuwa ana haki fulani juu ya mwandishi ampendaye. Alisoma kitabu cha kwanza akakipenda, akatafuta cha pili akakipenda zaidi, na cha tatu hukifungua kama mtu aingiaye nyumba ya jamaa yake, anayejua pa kuvua viatu na pa kuketi. Akikuta mlango umehamishwa, hununa. Ninalotaka kulijadili leo ni kama kununa huko kuna msingi, na kunamdai nini mwalimu wa fasihi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1947. Utengano, riwaya yake ya mwaka 1980, ilitahiniwa katika shule zetu za upili, na huku pwani ya kusini, toka Diani hadi Msambweni na Vanga, bado nawakuta watu wazima wanaozungumza juu ya Maimuna kana kwamba ni binti wa mtaa wa pili. Simwiti Said Ahmed mwandishi wa mapenzi kwa maana ya vile vijitabu vyenye jalada la busu vinavyouzwa stendini. Utengano ni hukumu kali dhidi ya Bwana Maksuudi na ubabe wa aina yake. Hata hivyo, wengi waliishika kwa ajili ya Maimuna: alivyofungiwa ndani na baba yake, alivyotoka, alivyopotea, na alivyopendwa na Kabi baada ya yote yaliyompata.

Msomaji huyo aliendelea kungoja Maimuna mwingine. Badala yake mwaka 1995 alipewa Amezidi, tamthilia ambayo mantiki yake imepinduliwa kwa makusudi. Mwaka 2001 ikaja Babu Alipofufuka, ambamo marehemu anarudi kumkabili mjukuu wake, mkubwa mmoja ambaye jina lake ni herufi tu, K. Mwaka 2006 ikafuata Dunia Yao, iliyozidi kuuvunja usimulizi wa kawaida. Yalikuwa yamekwisha kutokea kwa Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya habari zake za mapenzi, na marufuku yenyewe ikaitangaza kuliko tangazo lolote. Waliomfuata mwandishi huyo hadi Nagona (1990) na Mzingile (1991) walijikuta katika vijitabu vyembamba vya kifalsafa, visivyo na Rosa wala kijiji cha kurejea.

Katika mazungumzo yangu na walimu na wanafunzi wa Kwale, lawama niliyoisikia mara nyingi zaidi juu ya Babu Alipofufuka ni kwamba "haina hadithi". Wanachuoni wenzangu huicheka lawama hiyo, mimi siicheki. Tazama kiambishi -ka- katika lugha yetu: akaja, akaona, akapenda, akaachwa. Kila tendo linalishika mkono lililotangulia. Ndivyo tulivyosimuliwa na bibi zetu, na ndivyo Utengano inavyomchukua msomaji hata asihisi urefu wa njia. Mwandishi akiukata mfululizo huo, akachanganya ndoto na macho, aliyekufa na aliye hai, anamnyima msomaji kamba aliyokuwa ameishika tangu utotoni. Kusema "haina hadithi" ni kueleza kwa usahihi kabisa kilichoondolewa, ijapokuwa msemaji hana istilahi zetu.

Lawama ya pili siikubali. Wapo wasemao kwamba uandishi huu ni wa Kizungu, kwamba Said Ahmed aliuokota Bayreuth, Ujerumani, alikofundisha. Kweli, herufi K itamkumbusha Kafka yeyote aliyemsoma. Lakini ajabu ni kuisikia hoja hii ikitolewa Diani, mwendo mfupi tu kutoka Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mdigo gani, Mwislamu au asiye Mwislamu, hajapata kusikia habari za koma, mzee aliyekwisha kufa akamjia mtu ndotoni kudai kitambaa au chakula, au kulalamika kwamba amesahauliwa? Babu anayetoka kaburini kumsuta mjukuu mwenye cheo si mgeni Kwale. Mgeni ni yule anayemjua Babu huyo nyumbani kisha akifika darasani akamkana. Kwa Mzingile na Nagona siwezi kusema hivyo kwa moyo mkunjufu, kwani vitabu hivyo vinamtaka msomaji awe na maktaba kichwani, na si haki kumlaumu mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa kutokuwa nayo.

Ipo lawama ya tatu, nayo ndiyo iliyonikera usingizini. Niliipata kwa mwanafunzi mmoja wa ualimu, msichana wa upande wa Msambweni. Alisema, "Mwalimu, nimeelewa kwamba Babu ni historia na K ni uongozi. Lakini Maimuna yuko wapi?" Hakuwa akidai busu. Alikuwa akidai kwamba riwaya ilipopanda kwenye mambo makubwa ya taifa na utandawazi, yule msichana wa ndani, mwenye kupenda na kuonewa, aliachwa chini. Wahakiki tumezoea kuyaita mabadiliko haya "kukomaa" kwa mwandishi, kana kwamba kuandika juu ya mapenzi ni utoto na kuandika juu ya dola ni utu uzima. Neno hilo nadhani tuliache. Katika wilaya ambako msichana bado huweza kuacha shule kwa ajili ya mimba au ndoa, habari ya nani anampenda nani, na kwa masharti gani, ni siasa tosha.

Kwa upande wa walimu, sehemu kubwa ya kununa huku tumeifundisha sisi wenyewe. Kitabu cha mtihani husomwa pamoja na mwongozo wake: maudhui, wahusika, tamathali, kisha maswali. Mwanafunzi hujifunza riwaya moja kama ramani ya riwaya zote. Agatha Christie, Mwingereza aliyejulikana kwa hadithi za upelelezi, alipotaka kuandika riwaya za mapenzi kuanzia mwaka 1930 alijificha nyuma ya jina Mary Westmacott, na siri ikakaa hadi mwaka 1949. Mwandishi wa Kiswahili hana mahali pa kujificha. Wanunuzi ni wachache, na kitabu kisichotahiniwa hulala ghalani. Jina linalojulikana ndilo pekee linalokiuza. Kwa hiyo msomaji akimkataa leo, mchapishaji kesho atamshauri arudie kitabu kile kile.

Ningependa mwalimu ajaribu jambo dogo: katika wiki ya mwisho ya muhula, mitihani ikiisha, asome kwa sauti kurasa za kwanza za Babu Alipofufuka bila ya kutaja mbinu hata moja, kisha awaulize wanafunzi ni nani kwao aliyepata kujiwa na babu yake. Baadaye ndipo waamue kama wanakipenda kitabu au la. Wakikikataa kwa sababu zao, wamekisoma.

Yule mwanafunzi wa Msambweni nilimwambia kwamba mwaka 2010 mwandishi huyohuyo alitoa Nyuso za Mwanamke, ambamo mwanamke amerudi katikati ya riwaya. Aliandika jina lake pembeni mwa daftari, akaniuliza kama ni kitabu cha mtihani. Nilipomwambia sicho, akataka kujua basi atakipata duka gani huku Ukunda.