Eksirei haibaki mwilini, jamani!

Najua nimeadimika hapa kijiweni, baridi na zamu za usiku vimenibana. Leo sina habari za theluji wala za bei ya tiketi. Nina jambo linanikereketa, mnivumilie.

Ukoo wetu umegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linaikimbia picha ya eksirei kama jini, kwa madai kwamba mionzi ikishaingia mwilini inabaki humo na kukausha damu. Kundi la pili likiumwa kichwa siku moja tu linataka siti skani, na bili inanifuata Uingereza kama kawaida (nacheka, ila sicheki sana). Kwa maoni yangu tunaogopa kisichotisha, halafu tunakimbilia kile kinachostahili kufikiriwa mara mbili.

Nianze na atomu, msikimbie. Kila kitu kimejengwa kwa atomu. Katikati yake kuna kiini chenye protoni na nutroni, na nje yake elektroni zimejipanga kwa matabaka. Idadi ya protoni ndiyo inayotofautisha kitu na kitu: haidrojeni ina 1, kaboni 6, oksijeni 8, kalsiamu 20, risasi 82. Zishikeni namba hizo.

Ndani ya mashine ya eksirei kuna bomba lisilo na hewa. Upande mmoja kuna waya unaopashwa moto mpaka elektroni zinachomoka. Umeme wa volti kama elfu 50 hadi 120 unazivuta kwa kasi ya ajabu zikagonge kipande cha tangisteni upande wa pili. Zikipita karibu na viini vile vizito zinapinda na kupunguza mwendo ghafla, na nguvu zinayoipoteza inatoka kama mionzi. Nyingine zinang'oa elektroni ya tabaka la ndani, ya tabaka la juu inashuka kuziba pengo, na mionzi inatoka hapo pia. Karibu asilimia 99 ya nguvu yote inaishia kuwa joto tu, eksirei ni hiyo 1 iliyobaki.

Sasa sikilizeni vizuri. Umeme ukikatwa, eksirei zimekwisha. Hazibaki chumbani wala kwenye mbavu za mtu. Kwani ukizima taa usiku, mwanga unabaki ukutani? (Vipo vipimo vingine ambavyo mtu anadungwa dawa yenye mionzi, na hiyo hukaa mwilini kwa muda. Hiyo ni habari nyingine kabisa.)

Mfupa unaonekana mweupe kwa sababu ya ile kalsiamu. Uwezo wa kitu kunasa eksirei za aina hii unapanda kama mchemraba wa idadi ya protoni, kwa hiyo kwa uzito ule ule kalsiamu inanasa kiasi cha mara 15 kuliko oksijeni. Mapafu yamejaa hewa, mionzi inapita, picha inatoka nyeusi. Pakiwa na maji au kidonda cha kifua kikuu, panaonekana weupe usiostahili kuwepo. Weupe huo ndio daktari anautafuta kwa shangazi yangu wa Tanga, anayekohoa mwezi wa pili sasa na bado anabishana na watu kuhusu damu kukauka. Kifua kikuu kina dawa, na nyumbani hutolewa bure. Shangazi, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe.

Sisemi kwamba woga wote ni upuuzi. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu za mwili, na ikigusa DNA inaweza kuiharibu. Mwili hurekebisha sehemu kubwa, si yote. Röntgen alizigundua Novemba 1895, na kufikia 1904 Clarence Dally, msaidizi wa Edison aliyekuwa akiweka mikono yake kwenye mionzi kila mara, alikuwa amekatwa mikono na kufariki kwa saratani.

Basi muhimu ni kipimo. Dunia yenyewe inatupa mionzi, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kifua ni kama 0.02, yaani siku tatu tu za kuishi duniani! Siti skani ya kichwa ni kama 2, sawa na picha 100 za kifua. Ya tumbo inaweza kufika 8 au zaidi.

Binamu yangu wa Dar, unasoma? Ukigongwa na bodaboda ukazimia, kimbia kwenye hiyo siti skani, hata mimi nitalipa bila kununa. Lakini kichwa kilichoanza baada ya harusi ya Jumamosi, mwachie daktari aamue. Huku Uingereza kanuni za mwaka 2017 zinataka kila picha ihalalishwe na mtaalamu kabla ya kupigwa, hata kama mgonjwa ana pesa mfukoni. Nawe uliza: picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu? Mwenye mimba aseme mapema, kabla hajaingia chumbani. Na picha za zamani zitunzeni jamani, msizifungie maandazi, maana zikipotea mnapigwa upya.